Sikuzama Mpaka Kiunoni: Maelezo Yangu Kuhusu Zege la Ijumaa

Kwa kuwa rafiki yangu mwenye bajaji ameshaisambaza habari hii kutoka Rangi Tatu hadi Kongowe, na kwa kuwa kila kituo anachosimama anaiongezea kina, nimeona heri niieleze mwenyewe kabla haijafika mahali nikasomewa hitima. Toleo lake linadai kwamba nilizama kwenye zege mpaka kiunoni. Jamani, lile lilikuwa jamvi la sebule, yaani zege la sakafu! Unene wake ni inchi 4, chini yake pana nailoni, kisha mawe, kisha kifusi kilichoshindiliwa mpaka kikakubali. Mtu mzima atazamaje mpaka kiunoni katika inchi 4? Jibu lipo, kwa bahati mbaya, na nitalifikia kwa mpangilio wangu.

Mnaonifuatilia mnaijua nyumba yangu ya Mbagala, ile ambayo msingi wake ulikaa hadi ukaota majani na mbuzi wa jirani wakawa na haki ya kudumu humo ndani. Ijumaa iliyopita hatimaye ilikuwa siku ya zege. Katika mtaa wetu siku ya zege ni sherehe isiyo na kadi: mashine ikishaanza kunguruma, watoto hujaa, wazee huhamishia bao chini ya mwarobaini unaotazamana na kiwanja, na mafundi wasio na kazi siku hiyo huja kusimama mikono nyuma ili wamkosoe fundi mwenye kazi. Mama ntilie alikuwa ameshaleta sufuria za wali na maharage, na vijana wa makarai walikuwa wanakimbia, kwa sababu zege halilali. Saruji ikishakutana na maji haimsubiri mtu amalize kula.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kazi hiyo imeniachia maradhi ya kufundisha hata pasipo na darasa. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikesha nikitazama video za uhandisi, nikajifunza kwamba adui wa zege ni maji yanayozidi mahitaji ya saruji, kwa sababu yakikauka huacha vitundu ambavyo baadaye huwa chanzo cha udhaifu na nyufa. Nikajifunza pia kipimo chake: koni ya bati isiyo na kitako, kimo sentimita 30, mdomo wa chini sentimita 20 na wa juu sentimita 10. Unaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa kipande cha nondo cha milimita 16, kisha unaiinua wima. Zege likishuka kidogo na kusimama, ni zuri. Likisambaa, mna uji. Asubuhi mchomeleaji wa pale kona alikuwa ameshanitengenezea koni hiyo, akaniuliza kama ninafungua biashara ya tarumbeta.

Saa nane mchana nilitoka msikitini moja kwa moja hadi kiwanjani, nikiwa ndani ya kanzu nyeupe ambayo mke wangu alikuwa ameipiga pasi kwa mkono wake. Alinipigia simu akaniambia nipite nyumbani kwanza nibadilishe. Nilimjibu kwamba ninachungulia tu. (Akina dada mnaoandika "ndiyo maana" huko chini, nawaona.) Kufika, nikamkuta kijana anatia maji kwenye mashine kwa ndoo, hapimi, anamimina tu kwa moyo mkunjufu, maana zege jepesi humwagika bila kumtesa mbebaji. Nikasimamisha kazi. Nikatamka, kwa sauti ya darasa la watu 70, kwamba mimi ninalipia zege na sitaki uji.

Fundi akanisihi: "Mwalimu, maji nitayapunguza, wewe kaa kivulini." Nikamwambia sayansi haikai kivulini. Nikapanda juu ya ubao wa kupitishia makarai, uliokuwa umelazwa juu ya matofali katikati ya sebule, na upande wa pili ncha yake ikiwa inaning'inia kwa sababu vijana walikuwa wameshaanza kuondoa matofali. Jambo hilo la matofali sikuambiwa. Nikaweka koni, nikajaza, nikachoma, na watoto wakawa wananihesabia kwa pamoja mpaka 25, mara tatu, huku vijana wamesimama na makarai mabegani wakinitazama kwa macho ambayo sitayasahau. Kisha nikainua koni.

Zege likasambaa lote. Nilikuwa sahihi. Naomba hili lisomwe mara mbili kabla hamjaendelea, kwa sababu katika matoleo yote yanayozunguka mtaani hakuna hata moja linalotaja kwamba nilikuwa sahihi.

Kwa furaha nikanyanyua koni juu ili hata wazee wa bao waione, na nikarudi nyuma hatua moja ili wote wapate kulitazama zege lenyewe. Kisigino cha kulia kilikuta ubao. Kisigino cha kushoto nacho kilikuta ubao, ila ubao huo haukuwa na tofali chini yake. Nikaiona ncha ya mbele ikiinuka taratibu mbele ya uso wangu, imebeba kipimo changu, na nakumbuka nikiwaza kwamba sasa kipimo kimeharibika. Nilipata hata muda wa kumtazama fundi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama mahali nitakapotua, kwa kuwa ndipo alipokuwa ametoka kusawazisha na kupitisha pima maji. Kofia ilitangulia. Halafu ukasikika mlio ambao heshima yangu hainiruhusu kuuandika.

Niliketi. Sikuanguka chali, wala kifudifudi. Niliketi, miguu imenyooka mbele, mgongo wima, koni mkononi, kanzu imetandaa pande zote na inaanza kunywa. Na sasa lile swali la kiuno: mtu akiketi katika inchi 4 za zege lililozidishiwa maji, zege hilo humfikia wapi? Basi. Rafiki yangu hakusema uongo, amefanya ubaya zaidi ya huo.

Mtaa ukanyamaza, mashine ikazimwa, na katika ukimya ule wanafunzi wangu wa kidato cha pili, waliokuwa wanatoka msikitini, wakasimama mstari mmoja kando ya msingi na kusema kwa pamoja na kwa adabu zote:

"Shikamoo, mwalimu!"

Nikajibu marahaba. Ningefanyaje? Nikawauliza na hali zao. Mzee mmoja wa bao akauliza kama hicho ndicho kipimo chenyewe au bado.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fundi alipiga kelele nitolewe, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi polepole bila mtu kushtuka. Nikavutwa mikono, kandambili zikabaki, nikamwagiwa pipa zima la maji nyuma ya rundo la matofali, kanzu ikatangazwa haina matumaini, na mama ntilie akanivulia khanga yake ya juu nijistiri. Nilitembea nayo hadi nyumbani nikidhani watu wananicheka kwa ajili ya kanzu, kumbe makalioni nilikuwa nimebeba maandishi makubwa: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Mke wangu aliyasoma, akafungua mlango, akarudi ndani bila neno.

Jamvi limesawazishwa upya na sasa linamwagiliwa asubuhi na jioni. Fundi amekiri mbele ya mashahidi kwamba maji yalizidi, ila akaongeza kwamba lingekuwa gumu kama nilivyotaka, muda huu ningekuwa hospitalini. Kijana wa chipsi pale kona hunisubiri nipite na wateja wake ndipo aniulize kwa upole kama leo nitapenda zege, lile la chipsi na mayai. Koni imekopwa na watoto, wanaipuliza.

Wiki ijayo tunamwaga zege la mfuniko wa shimo la choo. Siku sijamtajia mtu yeyote, lakini jana mama ntilie alinisimamisha njiani kuuliza kama aongeze sufuria, maana watu wa Kongowe wameshamuulizia.