Risasi Kilo Tatu

Naandika haya nikiwa na plasta kwenye kidole gumba na aibu katika sehemu zote zilizobaki za mwili, kwa sababu tangu juzi jioni rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake nalihifadhi ingawa yeye hakulihifadhi langu, ametangaza katika kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja kwamba nimempiga baba mkwe wangu risasi nikiwa naye sebuleni. Hadi napata nafasi ya kukanusha, michango ya hospitali ilikuwa imefika shilingi 64,000, na mwenzetu mmoja ambaye tangu tumalize shule hajachangia harusi wala msiba, safari hii alikuwa wa kwanza kutuma.

Risasi zilikuwepo, hilo sikatai. Zilikuwa kilo tatu, na zilikuwa chini ya kitanda changu.

Wale mnaofuatilia kazi zangu za vioo vya rangi mnajua zilikuwa za nini, lakini nawaeleza wageni mliokuja hapa kwa ajili ya umbea. Picha ya vioo haigundishwi kwa gundi. Kila kipande hukatwa peke yake, kisha hushikwa na jirani yake kwa kijiti chembamba cha madini laini ambacho ukikitazama kwenye ncha kina umbo la herufi H, kioo kimoja kikiingia katika mfereji wa kushoto na kingine katika ule wa kulia, na kila vijiti vinapokutana vinaunganishwa kwa lehemu. Madini hayo hukatika kwa kisu, hupinda kufuata mchoro bila kulalamika, na hukaa miaka mingi kwenye mvua bila kuliwa na kutu. Kwa bahati mbaya, kwa Kiswahili huitwa risasi, sawa na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki. Waarabu, ambao ndio waliotupa neno hilo, nao wanalitumia kwa mambo hayohayo mawili, kwa hiyo huenda kuna mwenzangu huko Muscat anayesoma haya huku akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Ugonjwa huu wa vioo niliupata zamani, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu hapa Dar es Salaam, ambapo nilipokuwa mtoto sikusikiliza mahubiri hata siku moja kwa kuwa nilikuwa nikitazama madirisha yaliyo nyuma ya altare. Ukubwani nilifika Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, kwenye karakana ya vioo aliyoianzisha Nani Croze, na nikatoka pale nikiamini kwamba kinachonitenganisha na usanii ni vifaa tu. Sasa ninavyo vifaa.

Kazi yenyewe ilikuwa zawadi ya baba mkwe, mvuvi mstaafu wa Bagamoyo: picha ya mzee aliyekaa juu ya ngalawa jua likizama, upana sentimita 50 na urefu 70. Risasi nilitumiwa na binamu yangu aliyeko Nairobi, na asubuhi zilipofika nilimpigia simu ya shukrani nikiwa nimesimama kwenye foleni ya vitumbua kwa jirani yetu. Nimejitahidi sana kuyakumbuka maneno niliyoyasema pale, na kila nikiyakumbuka naona afadhali ningekaa kimya.

Nilisema, "Risasi zimefika salama na basi la usiku, kilo tatu kamili." Nikasema, "Nimezificha chini ya kitanda, watoto wasije wakazishika," nalo lilikuwa jambo la busara kwa sababu madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto, na hata mimi huwa sili chochote kwenye meza ya kazi kabla ya kunawa. Kisha nikasema, kwa sauti ya fundi anayejisifu, "Kichwa cha mzee nilikikata jana usiku, kimetoka kwa mkato mmoja tu. Leo namalizia kifua. Mwenyewe anakuja Jumamosi, sijamwambia kitu, nataka nimshtukize."

Nililipia vitumbua vinne nikafungiwa sita. Nikadhani ni ukarimu.

Kilichokosekana kilikuwa bahari. Kioo cha buluu ya kweli, ile inayopatikana kwa kuchanganya kobalti wakati kioo kinayeyushwa, nilikuwa nacho kipande kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala, na mzee wa watu hawezi kuvua kwenye dimbwi. Ndipo muuza vyuma chakavu akapita na mkokoteni wake, na juu ya mabati na feni zilizokufa palikuwa pamelala rafu ya meza ya televisheni, kioo cha buluu kisicho na mkwaruzo, kwa shilingi 5,000. Nililipa bila kuomba apunguze, jambo ambalo lilimtia hata yeye wasiwasi.

Sasa nawaomba mnaofuatilia masomo yangu mwahi kucheka mapema ili tumalizane. Katika somo la tatu, ambalo niliandika mwenyewe kwa mkono wangu huu, nilionya kwamba kuna kioo kisichokatwa: kile kilichopashwa moto hadi kupita nyuzijoto 600 kisha kikapulizwa upepo wa baridi ghafla, hivi kwamba ngozi yake ya juu inabana kwa ndani na tumbo lake linavuta kwa nje, na vyote viwili vinakaa humo vikisubiri mtu wa kuwagombanisha. Ndicho cha madirisha ya pembeni ya magari na cha milango ya bafu za hotelini. Niliandika kwamba utakitambua kwa kingo zake zilizosuguliwa zikawa mviringo na kwa muhuri mdogo uliochorwa pembeni. Rafu yangu ilikuwa na kingo za mviringo, nikazisifu kwa ulaini. Ilikuwa na muhuri pembeni, na nikamwonyesha mke wangu kama ushahidi kwamba ni mali ya kiwanda cha maana. Unene wake ulizidi kidogo mfereji wa risasi, nikajiambia kwamba nitaupanua mfereji kwa kijiti.

Jumamosi mzee akafika. Tulikula wali wa nazi na changu, na baada ya chakula sikuweza kuvumilia hadi kazi ikamilike. Nilimkaribisha kwenye meza ya kazi, nikamwekea kigoda upande wa pili, nikavuta khanga niliyokuwa nimeifunika picha, naye akaitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

"Ni wewe, baba."

"Mbona sina masikio?"

Nilimweleza kwamba masikio katika vioo ni shughuli pevu, akakubali kwa upole wa mtu aliyekwisha kuoza binti. Kisha, ili kuyaondoa mazungumzo kwenye masikio, nikasema kwamba sasa atashuhudia bahari ikikatwa mbele ya macho yake.

Nilivaa miwani ya plastiki. Nilichovya kikatio katika mafuta ya taa, nikasimama, kwa sababu kioo hukatwa ukiwa umesimama, nikakilaza kigurudumu kwenye ukingo wa karibu na tumbo langu na kuanza kukisukuma kuelekea kwa mzee. Kioo chenye afya kikipitishiwa kikatio hutoa sauti ya kuridhisha, kama pamba inayochanwa polepole dukani. Hiki kililia kama ukucha unaoparuza sufuria. Nilipofika mwisho nikainama kutazama: palikuwa na alama hafifu, ya kusuasua, kama imechorwa na mtu asiyetaka.

Mzee akauliza, "Tayari?"

Nikajibu, "Bado kidogo," nikarudia mstari uleule mara ya pili. Wenzangu wa fani hii naomba mnisamehe, maana najua kwamba mstari haurudiwi, na nilijua hata wakati nikiurudia. Nikakigeuza kioo, nikakigonga kwa chini kwa kitunguu cha chuma kilicho kwenye mkia wa kikatio, tik, tik, tik. Kimya. Nikakigonga tena. Mzee akasogeza kigoda chake mbele ili aone vizuri, akaweka kikombe chake cha kahawa pembeni, akaegemea kwa viwiko. Katika muda huo kulikuwa na sauti ndogo ndani yangu iliyokuwa ikisema "somo la tatu, somo la tatu", lakini nilidhani ni shibe. Nikachukua koleo, nikaliuma kwenye ukingo, ule ukingo laini wa mviringo niliousifu, nikakaza kiganja.

Nukta moja nilikuwa nimeshika bahari, nukta iliyofuata nimeshika koleo tupu.

Mlio wake siwezi kuuandika. Sebule yetu ni ndogo na juu ni bati bila dari, kwa hiyo ulipanda, ukagonga, ukarudi. Kioo hakikupasuka vipande, kilimwagika, punje kwa punje kama mahindi yanayotolewa kwenye gunia, juu ya meza, ndani ya kahawa, kwenye mifuko ya shati la mzee, na mabonge yaliyobaki yameshikana yaliendelea kutatarika peke yake kama bisi za mwisho kwenye chungu. Kuhusu mzee mwenyewe, miaka yake ya baharini aliwahi kuwa karibu na watu wanaovua kwa baruti, na mwili wake haujasahau. Kabla punje hazijatulia alikuwa amekwisha kuzama chini ya meza, kichwa kati ya magoti, na kofia yake ya ukili ikabaki juu ya kigoda peke yake.

Nje nikamsikia jirani wa vitumbua akipiga ukunga: "Kampiga! Kampiga mzee wa watu! Mimi nilisema!"

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye tukimwita kwa ajili ya mtaro ulioziba huchukua wiki mbili, alifika katika muda wa dakika tatu akiwa na vijana wanne, mmoja ameshika mchi. Mlangoni walinikuta nimesimama palepale, koleo mkononi, miwani usoni, gumba likinitiririka damu, na kofia ya mzee mbele yangu bila mzee.

"Mzee yuko wapi?" mjumbe akauliza, kwa sauti ya taratibu inayotumiwa kwa wenye silaha.

"Yuko chini ya meza, shikamoo mjumbe."

Hakuitikia. Macho yake yalikuwa mezani. "Na hicho ni nini?"

Nilitazama anakotazama. Ningeweza kusema ni sanaa, au ni zawadi. "Ni kichwa chake," nikasema.

Kijana wa mchi akarudi nyuma hatua moja.

"Risasi umeweka wapi?"

"Chini ya kitanda."

Wawili wakaingia chumbani kwa kunyata, na wakarudi wamebeba furushi la magazeti kama wanaobeba yai la nyoka. Mjumbe akalifungua mwenyewe. Vijiti vyangu vikachomoza, virefu, vya kijivu, vikilegea pande zote mbili za mikono yake kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Akakiinua kimoja, kikapinda. Akakinyoosha, kikapinda upande wa pili. Akanitazama, akakitazama, na nafsi yake yote ya uongozi ikakusanyika katika swali moja:

"Sasa bunduki yake ikoje?"

Hapo ndipo meza ikaanza kutikisika. Vijana walidhani mzee anakata roho. Alikuwa anacheka, na alicheka hadi punje za buluu zikawa zinamdondoka mifukoni, na hakutoka kule chini hadi mke wangu, aliyekuwa uani akikosha vyombo, alipokuja kumvuta mkono, akamkagua mwili mzima, kisha akanikagua mimi kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Nilifagia mara tatu na bado jana tumekuta punje moja kwenye chombo cha chumvi. Mjumbe alikunywa chai. Jirani alisema kwamba vile vitumbua viwili vya ziada vilikuwa vya kunilainisha nisimdhuru shahidi, na ameniomba nivilipie. Michango imeanza kurudishwa, isipokuwa ya yule aliyetuma wa kwanza, ambaye anasema zibaki huko kwa sababu na mimi sijaacha kazi hii na siku haziko mbali. Bahari nitaitengeneza kwa vipande vidogo vya kobalti na kijani cha chupa, itakuwa na mawimbi mengi kuliko nilivyopanga.

Mzee alirudi Bagamoyo na punje kiganja kizima alizozifunga katika leso ili awaonyeshe wenzake. Leo asubuhi amenipigia simu nikiwa kwenye foleni ileile ya vitumbua, akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea dhidi ya upepo kama kichwa chake nimeshakitia risasi. Niliaga foleni, nikavuka barabara, nikasimama nyuma ya mwembe, ndipo nikamjibu.