Taa za LED nje ya gari la kambi: tubadilishe, lakini si kwa ajili ya ukali wa mwanga

Majira ya baridi yanapokwisha huku Marekani, wenye magari ya kambi, hasa matrela ya kulala yanayovutwa na gari jingine, huanza kuyavua maturubai, kukagua matairi na kufanya marekebisho kabla ya safari za kiangazi. Mojawapo ya marekebisho yanayopendwa sana ni kung'oa taa za nje za zamani, zile zenye balbu za uzi, na kuweka za LED, zinazotoa mwanga kwa vijipande vidogo vya kielektroniki visivyo na uzi. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, ila naona wengi wetu tunaifanya kwa sababu isiyo yake, kwani dukani tunachokiulizia ni mwanga mkali. Faida halisi ya LED katika nyumba hizi za magurudumu imo katika umeme unaobaki kwenye betri, katika breki inayoonekana mapema na katika ukuta usiopenyeza maji. Ukali wa mwanga hauna nafasi kubwa katika hesabu hiyo, na mara nyingine ndio unaoharibu kazi nzima.

Trela linapoegeshwa mahali pasipo na umeme wa kuchomeka, kila kitu hutegemea betri ya volti 12. Betri ya kawaida ya asidi huwa na takriban ampea-saa 80 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa), nayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake ikiwa mwenyewe anataka idumu, kwa hiyo kinachopatikana kwa usiku mzima ni kama ampea-saa 40, na humo wanagawana pampu ya maji, feni ya hita na taa za ndani. Sasa chukua taa ya mlangoni yenye balbu ya uzi ya aina namba 1141, ambayo hula karibu ampea moja na nusu. Ikiwashwa kwa saa 6 itakuwa imekula karibu ampea-saa 9, yaani zaidi ya sehemu moja kwa tano ya akiba yote, kwa ajili ya kuangazia ngazi tu. LED ya wati 2 au 3 huiangazia ngazi hiyo hiyo vya kutosha, na kwa muda huo huo haifikishi ampea-saa 2. Walio Arusha na Nairobi wenye magari ya safari yaliyobeba mahema juu ya paa wanaweza kuifanya hesabu hii bila kubadilisha tarakimu nyingi, maana volti ni zile zile na betri ni za aina ile ile.

Hata hivyo, lau betri isingekuwapo katika hoja hii, bado ningebadilisha taa za nyuma. Uzi wa balbu hauna budi kupata moto kwanza ndipo utoe mwanga, ilhali LED huwaka papo hapo. Tofauti hiyo hukadiriwa kuwa moja ya tano ya sekunde, na gari linalokwenda kilomita 105 kwa saa husogea karibu mita 6 katika muda huo. Kwa gari dogo pengine mtu angesema si kitu. Kwa trela ni jambo kubwa, kwa sababu dereva anayelifuata haoni barabara iliyo mbele: ukuta wa nyuma ya trela umemficha foleni, umemficha mnyama anayevuka, umemficha hata taa za breki za pikapu inayovuta. Habari pekee anayopata kwamba kuna jambo huko mbele ni zile taa mbili nyekundu. Anastahili kuipata mapema iwezekanavyo.

Ndiyo maana siafiki mtindo wa kuchomoa balbu peke yake na kupachika balbu ya LED katika kifuniko kile kile. Kioo cha taa na kiakisi kilicho ndani yake vilichorwa kwa kufuata mahali hasa uzi ulipokaa, na vijipande vya LED vinavyotazama pande nyingine huutawanya mwanga ovyo, hivyo taa huweza kung'aa sana ukiwa umesimama karibu nayo kisha ikafifia kwa anayeitazama kutoka mbali. Kuna pia suala la rangi. LED nyeupe kwa kawaida hutengenezwa kwa kijipande cha buluu kilichopakwa unga wa njano, na ni uvumbuzi wa mwanga huo wa buluu uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Mwanga wa namna hiyo una wekundu mchache, kwa hiyo ukiupitisha katika kioo chekundu sehemu kubwa yake hupotea. Ikiwa mtu hana njia ila kubadilisha balbu tu, basi nyuma ya kioo chekundu aweke LED nyekundu.

Lililo bora ni kununua taa nzima. Kiwango cha usalama wa magari cha serikali ya shirikisho ya Marekani, nambari 108, kinahusu taa ikiwa kamili, na taa iliyotengenezwa kukifuata mara nyingi huwa na herufi DOT (Wizara ya Uchukuzi) au SAE (jumuiya ya wahandisi wa magari) zilizochorwa kwenye kioo chake. Trela lenye upana wa inchi 80 au zaidi, ambazo ni kama sentimita 203, linatakiwa liwe na taa za pembeni juu mbele na nyuma, na tatu za katikati upande wa nyuma, za mbele zikiwa za rangi ya kaharabu, yaani njano ya machungwa, na za nyuma zikiwa nyekundu. Rangi hizo ndizo zinazomjulisha dereva gizani kama anakutana na uso wa gari au mgongo wake, kwa hiyo hazichezewi kwa ajili ya urembo. Halafu angalia kama taa unayoitoa ilikuwa na kiakisi chekundu ndani ya kioo chake, kile kinachorudisha mwanga wa taa za gari linalofuata. Kama ilikuwa nacho na mpya haina, kiakisi kingine kibandikwe kando yake.

Kazi yenyewe ina jambo ambalo wauzaji wa taa hawalisemi, nalo kwangu ni sababu tosha ya kupanda ngazi. Ukifungua taa ndogo ya pembeni, kule juu kabisa ya ukuta wa mbele, mara nyingi utakuta skrubu zimeshika kutu, soketi imeota ukungu wa kijani wa shaba iliyolika, na gundi ya kuzuia maji imekauka na kupasuka. Nyuma yake kuna tundu la waya linaloingia moja kwa moja ndani ya ukuta, ambao katika matrela mengi umejengwa kwa fremu ya mbao. Mvua imekuwa ikipenya hapo kimyakimya, na mbao huoza muda mrefu kabla doa halijaonekana ndani. Kwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, pangusa kwa spiriti, zungushia utepe wa butili (mpira laini unaonata) nyuma ya taa mpya, kaza skrubu hadi butili ichomoze pande zote, kisha kata iliyozidi. Ukiongeza gundi ya nje, ipake juu na ubavuni, lakini upande wa chini uache wazi ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Kumbuka pia kwamba baadhi ya taa za zamani zilipata waya wa hasi kupitia skrubu zilizogusa bati la ukuta, ilhali nyingi za LED zina waya wake, na waya huo usipofungwa vizuri taa itawaka leo na kuzimika kesho.

Indiketa zinaweza kuleta usumbufu. Kwa kuwa LED hula umeme kidogo, baadhi ya magari hudhani kuwa balbu imeungua na huanza kupepesa haraka, na baadhi ya pikapu huonyesha kwamba trela limechomoka. Watu hutibu hilo kwa rezista, kijifaa kinachokula umeme wa ziada, ambayo hupata moto mkali, kwa hiyo ifungwe kwenye chuma, mbali na plastiki na mbao.

Nikirudi kwenye ukali wa mwanga, nasema wazi kwamba tumevuka mpaka. Kanda za LED nyeupe chini ya kivuli cha turubai, zikiwaka hadi alfajiri, zimewanyima majirani usingizi na zimewafuta nyota watu waliosafiri mbali ili wazione. Natural Bridges, katika jimbo la Utah, ilikuwa ya kwanza duniani kupewa hadhi ya Hifadhi ya Kimataifa ya Anga la Giza mwaka 2007, na Big Bend ya Texas ikafuata baadaye. Kufika mahali kama hapo na kuwasha ukuta mzima ni kuwadhulumu wengine. Mwanga wa joto, yaani wa rangi ya manjano, usiozidi kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), au wa kaharabu, unaoelekezwa chini, unatosha kwa mlango, tena huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wenye ubuluu. Na uzimwe unapokwenda kulala.

Mwenye fedha za taa mbili tu aanze na za breki, akipata nyingine afuate taa za juu ambazo gundi yake imepasuka, hata kama balbu zake bado zinawaka. Taa ya mlangoni inaweza kungoja hadi safari ya kwanza ya mahali pasipo na umeme, na kanda za turubai zinaweza kubaki dukani.