Mama Aende Kazini, Mlezi Alipwe na Nani?

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, mama hulipa shilingi 50 au 100 kwa siku ili mtoto wake alelewe wakati yeye anahangaikia kibarua. Kituo chenyewe mara nyingi ni chumba cha mabati: mkeka sakafuni, sufuria ya uji, watoto 15 au 20 na mlezi mmoja. Mama fua, anayefulia watu nguo kwa malipo, akikosa hata hizo, humbeba mtoto mgongoni hadi Eastleigh kusubiri kazi, na mwenye nguo akija humchagua jirani yake asiye na mtoto.

Huko Korogocho, mmoja wa mitaa hiyo ya mabanda, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia kituo. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019, walio na kazi miongoni mwao waliwazidi wenzao wasiopewa vocha kwa takriban pointi 8 za asilimia. Wanaolea peke yao, ambao tayari walikuwa wakichakarika, walihamia kazi zenye saa za kueleweka bila kipato kushuka.

Kwa hiyo wanaotaka serikali igharamie malezi wana hoja nzito, na sheria iko upande wao. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linazikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Madarasa ya chekechea huzinduliwa kwa mbwembwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu amebaki shauri la mamake.

Wanaopinga husema nyanya analea bure, kodi ya nini? Hoja hii hainishawishi. Nyanya yuko kijijini, Siaya au Makueni, na ana shamba lake la kupalilia. Wengine hutaka mama apewe pesa mkononi aamue mwenyewe. Ufini hulipa posho kwa mzazi anayebaki nyumbani na mtoto mdogo, na wanaoichukua wengi mno ni akina mama.

Pingamizi linalouma linatoka Quebec, Kanada, iliyoanza mwaka 1997 kutoza wazazi dola 5 tu kwa siku kwa malezi ya mtoto kituoni. Ajira ya akina mama ilipanda. Lakini wachumi Baker, Gruber na Milligan walikuta watoto wa huko wakizidi wa mikoa mingine kwa wasiwasi na ukali. Walezi nao, karibu wote wanawake, waligoma mwaka 2021 wakidai nyongeza ya mishahara. Ikiwa Quebec yenye fedha ilikwama hapo, kaunti zinazochelewesha mishahara zitafanyaje?

Vocha humpeleka mama kazini, ila huweza pia kumjazia mlezi chumba bila kumwongezea msaidizi. Mwanamke mmoja anapumua, mwingine anabebeshwa. Mimi ningeanza na mshahara wa mlezi na kikomo cha watoto anaopokea, hata kama vituo vitakuwa vichache kwanza na foleni itakuwa ndefu. Hiyo foleni ni ya akina mama walewale wa Eastleigh; silifichi hilo.

Na baba je? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama miezi mitatu ya likizo, baba wiki mbili, tena kwa walioajiriwa tu. Quebec ilipotenga mwaka 2006 wiki za baba zisizohamishika kwa mama, akina baba waliochukua likizo waliongezeka haraka. Kaunti inaweza kulipia kituo mwaka mzima, lakini mtoto akishikwa na homa saa nne asubuhi, mlezi bado atampigia mama.