Maktaba ya michoro: nani alisema kunakili ni uvivu?

Ripoti ilikuwa ya kurasa 48 na kosa lilikuwa moja: jina la mtu lililopungua herufi kwenye ukurasa wa shukrani. Nikafungua faili la LaTeX, mfumo wa kuandaa nyaraka kwa maandishi yenye amri yanayochakatwa kuwa PDF, ambalo sikuwa nimeligusa kwa miaka mitatu, nikaongeza herufi, nikalichakata upya. Ikatoka PDF ya kurasa 48 zilezile, hakuna kosa, hakuna onyo. Nikatuma. Kesho yake mwenzangu akaniuliza, "Ukurasa wa 31 unasema tutazame kisanduku cha nne upande wa kulia. Kiko wapi hicho?" Nikafungua. Visanduku vilikuwa vitatu.

Cha nne nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa naandaa slaidi za mhadhara, nikataka mchoro mwepesi wenye herufi kubwa, nikaondoa kisanduku kimoja, nikahifadhi kwa jina lilelile, mtiririko.pdf. Slaidi na ripoti zilikuwa zinachota michoro kwenye folda moja. Nilichokifuta huku kikafutika na kule, kimyakimya, kikingoja siku nitakayorudi kurekebisha herufi.

Folda hiyo niliitengeneza kwa kufuata ushauri ambao kila anayeandika nyaraka nyingi kwa LaTeX hupewa mapema: usihamishe nakala za michoro kutoka mradi hadi mradi, jenga maktaba moja, kila waraka uelekezwe huko. Anayenakili huonekana mvivu, au mgeni wa kazi. Jinsi ushauri huo unavyotolewa, siukubali. Lakini si wa kipuuzi, na haki yake tuitoe kwanza.

Chukua mwalimu wa somo moja. Ana kitini cha mihadhara, karatasi ya mazoezi, slaidi, na majibu ya mtihani wa mwaka jana, na mchoro mmoja wa saketi umo kote humo. Mwanafunzi anagundua kwamba mshale wa mkondo umeelekea kinyume. Akiwa na maktaba, mwalimu anageuza mshale mara moja, na nyaraka zote zinapona zikichakatwa tena. Akiwa na nakala, ana mafaili manne ya kuwinda, na tunajua atapata matatu. Lile la nne litaendelea kufundisha kosa. Nembo ya taasisi ni hivyohivyo: ikibadilika, hakuna anayetaka ya zamani ibaki kwenye barua za kesho. Na wanaoandika kwa kundi wana faida nyingine isiyotajwa sana: mchoro ukiwa mmoja, alama nazo zinakuwa za aina moja, haitokei sura ya pili ikaita kitu R na sura ya tano ikakiita r.

Mbinu za kuuonyesha waraka ilipo maktaba zipo na zimekomaa: amri ya \graphicspath ndani ya waraka, orodha ya folda iitwayo TEXINPUTS kwenye mazingira ya mfumo, au folda ya texmf ya nyumbani, ambamo TeX, injini iliyo chini ya LaTeX, hutafuta yenyewe bila kuambiwa. Kila moja ina mtego wake. (Ukisahau alama ya : mwishoni mwa TEXINPUTS, au ya ; ukiwa kwenye Windows, TeX inasahau folda zake za kawaida, na utashinda ukijiuliza article.cls, faili la msingi la mtindo wa waraka, imekwenda wapi.) Ila mitego ya namna hiyo hupiga kelele. Kitu hakipatikani, kazi inasimama, unatafuta, unapona. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na kosa linalopita huku kila kitu kikionekana sawa.

Hoja ya maktaba imeazimwa kwa waandika programu. Kwao kipande cha msimbo huandikwa mahali pamoja na kuitwa kutoka kokote, na inawafaa, maana programu inayotumika leo inataka marekebisho ya leo. Waraka uliokwisha kutumwa hautaki. Ripoti, tasnifu, makala: kila kimoja kina tarehe yake, na kina sentensi zinazonyoosha kidole kwenye mchoro na kusema "hapa, upande wa kulia, cha nne". Mchoro ukibadilika, kidole kinabaki kimenyooshwa hewani, na maandishi hayana namna ya kujua.

Tena waandika programu wenyewe hawafanyi hivi tulivyowaiga. Maktaba zao za msimbo zina namba za toleo, na programu hutaja toleo inalolitaka. LaTeX nayo inavitendea hivyo vifurushi vyake, yaani nyongeza zinazoipa uwezo zaidi: unaweza kuandika tarehe baada ya jina la kifurushi, na kilichopo kikiwa cha zamani kuliko hiyo unaonywa, na tangu 2018 kuna hata njia ya kuomba kifurushi kirudi kwenye toleo la nyuma, iwapo mtunzi wake ameliwekea mlango. Sasa fungua faili la logi, kumbukumbu ya uchakataji, la waraka wako wowote. Kifurushi cha graphicx, kinachoingiza picha, kinajitambulisha kwa tarehe na toleo. Mchoro wako unatajwa kwa jina lake na maelezo kwamba ni faili la picha la aina ya pdf. Vipimo vyake ukurasani utavikuta pia. Tarehe hakuna, toleo hakuna. Mchoro wa juzi na wa miaka mitatu iliyopita, kama jina na vipimo ni vilevile, huacha alama ileile kwenye logi.

Yaani tulichukua nusu ya desturi ya waandika programu, ile ya kushirikiana, tukaiacha nusu inayoifanya iwe salama.

Na ajabu yake ni kwamba programu chache zinajali uthabiti kama TeX. Mwaka 1990 Donald Knuth, mtunzi wake, alitangaza kwamba hataiongezea TeX kitu tena isipokuwa kurekebisha makosa; kila anapotoa marekebisho, namba ya toleo huongezwa tarakimu moja ya pai, na mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Sharti lake kwa wengine ni fupi: badilisha upendavyo, ila kilichobadilika kipe jina lingine. Nia ni kwamba faili lililoandikwa miaka thelathini iliyopita litoe mistari ileile, ikikatika palepale. Juu ya msingi huo mimi nikaenda kuweka folda ambamo mtiririko.pdf ni kitu kimoja leo na kingine mwakani.

Kuna aina ya maktaba iliyo hatari zaidi, na inapendwa kwa sababu inapendeza: PDF moja yenye michoro yote, mmoja kila ukurasa. Amri ya kuingiza picha, \includegraphics, inakubali kutajiwa namba ya ukurasa, kwa hiyo mzunguko wa maji ni ukurasa wa 7, tabaka za hewa ni wa 8, na kuendelea. Faili moja la kubeba, mtindo mmoja, fonti moja. Kisha siku moja unaingiza mchoro mpya baada ya wa 7, kwa kuwa mada zake zinakaa pamoja. Wa 8 unakuwa wa 9, wa 9 unakuwa wa 10, na kila waraka uliowahi kutaja namba iliyozidi 7 sasa unaonyesha mchoro wa jirani. Maelezo ya chini yanasema tabaka za hewa. Juu yake kumekaa kitu kingine kabisa. Waraka unachakatwa bila neno. Njia hii humfaa yule tu aliyeapa kwamba mchoro mpya utakwenda mwisho hata kama mahali pake ni katikati, na wa zamani hautaondolewa hata kama hauna kazi. Mimi kiapo hicho nisingekishika mwezi mmoja.

Hata pasipo uzembe, mchoro wa pamoja huvutwa huku na kule. Uliochorwa kwa upana wa sentimita 16 ukiwa na herufi za pointi 10 unakaa vizuri kwenye ripoti. Uupeleke kwenye makala ya safu mbili, sentimita 8, na herufi zinakuwa za pointi 5, za kusomwa kwa kioo. Kinachofuata tunakijua: mtu anaurekebisha kwa ajili ya waraka alio nao mkononi, huku akijiambia kwamba anauboresha. Hapo ndipo kilipopotelea kisanduku changu. Kwa TikZ, kifurushi cha kuchora kwa amri ndani ya LaTeX, hali ni nafuu kidogo, kwa kuwa mchoro huchukua fonti ya waraka unaouita, ila kinachoshirikiwa hapo ni maelekezo ya kuchora, na maelekezo yakibadilishwa hadithi ni ileile.

Hoja ya nafasi kwenye diski sitaijibu kwa urefu. Mchoro wa mistari wa kilobaiti 50 ukiwa kwenye nyaraka ishirini ni megabaiti moja. Kwa skani na picha za darubini zenye megabaiti mamia, sawa, hapo mtu asinakili ovyo.

Linalosahaulika ni kwamba safari ya waraka huishia kwenye nakala hata hivyo. arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi inayopokea chanzo cha LaTeX, inataka kila kinachohitajika kiwe ndani ya bunda unalotuma. Njia inayoanzia kwenye folda ya nyumbani kwako haitafika huko. Mwenye maktaba safi kuliko wote naye hunakili siku ya kutuma. Tofauti ni kwamba ananakili usiku, mbio, saa chache kabla ya muda kwisha, na akishatuma anaifuta ile folda kana kwamba ni takataka. Ile folda ndiyo waraka. Iliyobaki kwenye kompyuta yake ni karakana.

Jibu zito zaidi dhidi yangu linatoka kwa watumiaji wa Git, programu inayotunza historia ya mafaili ndani ya folda iitwayo hazina. Unaiweka maktaba kama hazina ndani ya hazina ya mradi, na Git inaandika alama kamili ya toleo la maktaba ambalo mradi huu unalitumia. Maktaba inaweza kusonga mbele hata kwa miaka kumi. Mradi utabaki kwenye alama yake mpaka wewe mwenyewe uusogeze. Kero ipo: mwenzako akipakua mradi bila kuomba na hazina za ndani, anakuta folda tupu na ujumbe wa kosa. Lakini hilo ni kosa lenye kelele, na nimeshasema sina ugomvi nalo. Ninachosema ni kwamba mpangilio huu hauitetei maktaba kama watu wanavyodhani. Kilichomo ndani ya mradi ni nakala, nakala inayokumbuka ilikotoka. Typst, mfumo mwingine wa kuandaa nyaraka uliofunguliwa kwa umma mwaka 2023, nayo imeegemea huko: waraka hausomi faili lililo nje ya mzizi wa mradi, na vya kushirikiana hupitia vifurushi ambavyo sharti vitajwe pamoja na namba ya toleo. Waliounda mfumo upya walikuwa na nafasi ya kutuachia folda moja kubwa ya wote, wakaamua vinginevyo.

Mimi nimebaki na folda mbili na kanuni moja. Maktaba ipo bado, na ndiko ninakochora. Kitini na slaidi huchota huko moja kwa moja, kwa sababu ni nyaraka zinazoishi na nataka mshale ukigeuzwa ugeuke kote. Waraka wenye tarehe, ukikaribia kutumwa, nauchakata kwa chaguo la -recorder, ambalo huiambia TeX iandike faili la .fls lenye orodha ya kila faili ililolisoma. Skripti ya mistari michache inachuja michoro kwenye orodha hiyo na kuinakili ndani ya mradi. Toka hapo waraka hauijui maktaba tena. Mchoro uliomo ukiwa na kosa, na kosa linabaki, kama inavyobaki tahajia mbovu kwenye kitabu kilichochapwa, mpaka pawe na toleo jipya lenye tarehe mpya.

Kisanduku cha nne nilikipata. Maktaba haikuwa nacho, na diski ya akiba nayo ilikuwa imeshafuata mabadiliko. Kilikuwa kwenye barua pepe ya miaka mitatu nyuma, ndani ya PDF niliyoituma siku ile ya kwanza. Nilikichora upya kwa kuitazama hiyo.

Ambao sijaupatia mahali ni mwongozo unaotolewa upya kila mwaka. Matoleo ya zamani bado yako mikononi mwa watu, wanaandika kuuliza kuhusu mchoro wa ukurasa fulani, na ninapaswa kuona wanachokiona wao. Papo hapo, mchoro ukiwa na kosa la hatari siwezi kuuacha mpaka toleo lijalo. Kwa sasa kila toleo lina folda yake ya nakala, na kosa likitokea narekebisha kwenye maktaba kwanza, kisha nazipitia folda hizo moja moja kwa mkono. Mwaka huu zilikuwa nne. Nilizikagua mara mbili.