Kabla ya kumlaumu asiyejiandikisha

Niliwahi kupewa kazini fomu ya kujiandikisha kwenye mpango wa afya ya wafanyakazi, yaani vipimo, mazoezi na semina, nikaisoma, nikairudisha tupu. Swali mojawapo liliuliza kama nimewahi kutibiwa sonona, na chini kabisa paliachwa nafasi ya sahihi ya msimamizi wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akipendekeza nani apandishwe cheo. Mwisho wa mwezi tuliambiwa kikaoni kwamba wafanyakazi hatujali afya zetu. Maneno yale yaliniuma, na bado nayapinga.

Waajiri wengi hudhani dawa ya kuwavuta watu kwenye mipango hii ni zawadi. Ni kweli pesa huvuta watu, ila kwa kiasi. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianza mwaka 2016 utafiti uliohusisha wafanyakazi wake karibu 5,000. Walioalikwa kupima afya bila kuahidiwa pesa yoyote, walijitokeza takriban asilimia 47. Walioahidiwa dola 100 walifika asilimia 59 hivi. Dola 200 ziliongeza asilimia nne tu juu ya hapo. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba walioshiriki walikuwa, hata kabla ya mpango kuanza, na gharama ndogo za matibabu kuliko waliobaki nje. Yaani aliyekuwa nafuu ndiye aliyekuja.

Kwa nini mwenye hali mbaya asije? Mimi naona anaogopa, na ana sababu. Akikutwa na kisukari, nani atajua? Je, mkataba wake utahuishwa? Mwajiri akijibu kwa "tuaminini" bila kueleza majibu yanahifadhiwa wapi na nani anayaona, hajajibu kitu.

Halafu kuna muda. Mazoezi yanapangwa saa za mapumziko, wakati ambao aliye ofisini anaweza kujinyoosha na kurudi mezani kwake. Mlinzi wa zamu ya usiku amelala nyumbani. Mfanya usafi analipwa kwa saa, kwa hiyo kila dakika ya semina ya lishe anaikatwa kwenye ujira wake. Hawa ndio wanaosimama kutwa nzima na kukosa usingizi, lakini ratiba haikuwafikiria hata kidogo. Wakubwa nao wakituma barua pepe za kuhimiza ilhali wenyewe hawaonekani, walio chini yao huelewa kwamba kuacha kazi kwenda kupimwa ni uzembe.

Mahali nilipohamia baadaye walileta muuguzi kutoka nje. Tulipewa saa nzima ya kazi bila kukatwa chochote, zamu ya usiku ikatengewa siku yake, na majibu kila mtu alikabidhiwa mkononi kwenye bahasha iliyofungwa. Meneja alipanga foleni pamoja nasi. Sikuahidiwa hata senti, nikaenda. Nilipofungua bahasha ndipo nilipojua kwamba shinikizo langu la damu liko juu.