Taa za dagaa nazisoma, za sipiyu zimenishinda

Mi nimekulia Igombe, Mwanza, jamani, taa nazisoma toka nimevaa kaptula. Ukisimama ufukweni usiku wa giza ukaona taa zimejipanga kule majini ka mji umeota, hao ni watu wa dagaa. Ukiona hakuna hata moja, mbalamwezi imejaa, dagaa hawafuati taa, jamaa wako nchi kavu wanashona nyavu. Sasa mtu ka mimi ndo wa kutolewa jasho na kataa kadogo ka punje ya mchele?

Iko hivi. Kale kasteshenari kangu ka Kirumba bati linavuja, nikahamisha meza, na kuhamisha meza maana yake unachomoa waya zote za kompyuta ya mezani halafu unazirudisha. Kuchomoa sekunde kumi. Kurudisha ndo vituko, maana matundu wameyaweka nyuma kote kule na mtu mzima unapiga magoti na tochi ya simu mdomoni ka bi harusi anasalimia wakwe. USB unaichomeka inakataa, unaigeuza inakataa, unairudisha vilevile ulivyoanza inaingia! Waya wa monita ule wa bluu una vipini 15 mistari mitatu, na matundu yake nikakuta mawili, moja juu karibu na USB, lingine chini limelala ubavu. Nikachomeka la juu, si ndo la karibu.

Nikawasha. Feni inavuma, taa ya mbele imewaka, kingine chekundu kinanikonyeza, monita nyeusi tii na taa yake ya machungwa. Mi machungwa naijua ya barabarani, ukiiona unaongeza mwendo. Na mteja kasimama hapo na CV yake anahema ka kakimbizwa. Kucheki nyuma, pale unapoingia waya wa intaneti kuna vitaa viwili, kimoja kimetulia kingine kinarukaruka, nikasema haa, shoti hiyo, nikauchomoa fasta.

Mteja akaondoka. Nikampigia fundi.

Kaja kijana, "shikamoo mzee", marahaba, hajafungua hata begi. Kachungulia, kachomoa ule waya wa bluu, kauchomeka tundu la chini. Picha hiyo hapo.

"Mzee, humu una kadi ya picha, kibao cha kutoa picha kwenda kwenye monita, na monita inachomekwa kwenye kadi. Hili la juu mashine nyingi linajizima lenyewe ukishaweka kadi. Na machungwa ni monita imelala tu, waya hauleti kitu."

Nikauliza cha kurukaruka, akacheka hadi kashika meza. Kumbe kile kilichotulia kinasema waya umeshika, kinachorukaruka ni data zinapita, yaani nilichomoa kitu kizima. Na chekundu cha mbele kinakonyeza mashine ikisoma diski. Miezi miwili mi nikikiona najua injini imechemka, nazima kwa nguvu ili ipoe! Akanipa na nyongeza ambayo sikuiomba, eti nisiite hili boksi sipiyu, sipiyu ni kile kidude cha ndani kinacholala chini ya feni, hili ni kasha. Buku kumi, na Kiswahili changu kimesahihishwa bure.

Jioni mama watoto katoka zake Mwaloni kuuza dagaa, nikamwambia mashine imetengenezwa, elfu kumi, suala la kadi ya picha.

"Kainunua wapi hiyo kadi?"

"Haijanunuliwa, ilikuwemo."

"Sasa kafanya nini?"

"Kahamisha waya."

Kimya. Akaweka ndoo chini, akainama nyuma ya meza na kitochi chake. Huyu mwanamke kompyuta hajawahi kuigusa.

"Baba, hii waya ya sabufa kichwa chake si kijani?"

"Kijani."

"Mbona umeichomeka kwenye pinki na ya kijani iko wazi hapa?"

Sikumjibu. Hiyo sabufa toka Januari haijatoa hata mkoromo, mi nishawatangazia watu kwamba kompyuta yangu ni bubu. Pinki kumbe ya maiki. Akachomoa, akachomeka, sabufa ikalia mpaka muuza chipsi wa ng'ambo kageuka.

Akajipangusa vumbi, akanyoosha mkono.

"Elfu kumi yangu."