Tafuta mtu mmoja wa kuomba naye, na mshikane

Bwana asifiwe wapendwa. Kuna jambo linanikaa moyoni muda mrefu sasa, hili la kuwa na mwenzi wa maombi, yaani mtu mmoja tu ambaye mna siku yenu na saa yenu. Siongelei grupu la kwenye simu lenye watu mia mbili, mtu anaandika "naombeni mniombee" anamiminiwa amina hamsini, alafu kesho hakuna hata mmoja anayekumbuka aliomba nini. Amina sio mbaya, ila naona tumeifanya ndo maombi yenyewe na mtu anabaki na mzigo wake vilevile.

Mi na dada mmoja tunayesali naye tuko mwaka wa nne sahivi. Jumanne na Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, kwa simu, dakika ishirini basi. Mwanzo tulipanga saa nzima kila siku, wiki ya pili tu tukaanza kukwepana, huyu hapokei, yule alamu haikulia, na kila mmoja anaona aibu kusema amechoka. Tulipopunguza ndo tukadumu. Kwahiyo mtu akiniuliza aanzeje namwambia anza na kidogo ambacho hata siku ukiwa umechoka kabisa utakiweza.

Dada huyu ana daftari. Ombi analiandika upande wa kushoto na tarehe yake, kulia anaacha wazi mpaka jibu lije. Kuna mistari ina miaka mitatu kulia hakuna kitu na bado tunaitaja. Mwaka jana alinisomea ombi moja langu mimi mwenyewe nimelisahau kabisa, kumbe lilishajibiwa miezi sita nyuma na sikuwahi kumshukuru Mungu hata kwa neno moja. Nililia asubuhi ile. Ningekuwa naomba peke yangu lingepita hivyohivyo.

Wapo wanaosema Yesu alituagiza tuingie chumba cha ndani tufunge mlango, na ni kweli, Mathayo 6 iko wazi na hayo maombi ya siri hakuna wa kukuombea badala yako. Lakini ni Yesu huyohuyo usiku wa Gethsemane alimchukua Petro na wana wawili wa Zebedayo akawaambia wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu alitaka watu karibu, sasa mimi ni nani nijifanye najitosheleza? Na wale Wakristo Wamoraviani wa kijiji cha Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1727, maombi yao ya usiku na mchana yaliyoendelea zaidi ya miaka 100 yalianza na watu wachache tu waliogawana masaa, kila mtu anajua zamu yake na anajua kuna mwenzake anampokea. Mi naamini ile zamu ndo iliwashika, maana moto wa ibada ya Jumapili unapoa, ila ukijua mtu anakusubiri unaamka.

Sasa sehemu ngumu. Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi sisi kwa sisi na kuombeana, na wengi tunachukua kuombeana tunaacha kuungama. Siku moja nilimwambia dada nina kinyongo na ndugu yangu wa tumbo moja, hatujaongea miezi nane na kila Jumapili nainua mikono. Akanyamaza, nikawa nasikia pumzi yake tu kwenye simu, alafu akasema "haya mdogo wangu, tuombe." Hakunihubiria. Ijumaa akauliza, "umempigia?" Nikasema bado. Jumanne akauliza tena. Wiki ya tatu nikapiga.

Ila hayo yote yanasimama kwenye siri. Kabla yake nilishawahi kumwambia mpendwa mwingine jambo la ndani ya nyumba yangu, baada ya siku chache nikalisikia linatajwa mbele za watu kama "ombi maalumu", jina langu halikutajwa ila kila mtu alijua. Niliacha kuomba na mtu yeyote karibu mwaka mzima. Kumwaga siri ya mtu kwa kisingizio cha maombi ni dhambi, tusiipake rangi. Kama huwezi kukaa na neno moyoni, mwambie mwenzako mapema asikufungukie.

Wiki iliyopita dada alikuwa na kifua, sauti imekauka kabisa, nikamwambia apumzike akakataa. Niliomba mimi dakika zote ishirini, yeye akawa anagonga simu na kidole kila ninapomaliza ombi moja, ndo amina yake. Kesho Jumanne, zamu yangu kupiga.